Nairobi hadi New York: kilomita hazibadiliki, mbona saa za kwenda na za kurudi hazilingani?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Wanajamvi, salaam. Shemeji yangu amerudi wiki iliyopita kutoka New York alikokwenda kumtembelea mwanawe, na pamoja na zawadi alizotuletea amekuja na lalamiko. Anasema wakati wa kwenda alikaa ndani ya ndege karibu saa 15, lakini wakati wa kurudi zilimtosha kama saa 13 na nusu, ilhali shirika ni lile lile, ndege ni ya aina ile ile, na viwanja ni vile vile viwili. Ameshahitimisha kwamba rubani wa kwenda alizunguka. Mimi nimefundisha jiografia sekondari hadi nilipostaafu, kwa hiyo nilijiona nina wajibu wa kumjibu, lakini pale sebuleni kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyemwachia mwenzake amalize sentensi. Nimeona niandike hapa kwa utulivu, na mwenye kujua zaidi anirekebishe.

Nianze na umbali, kwa sababu huo ndio usio na ubishi. Nilitoa kabatini tufe langu la kufundishia, lenye kipenyo cha sentimita 30, nikachukua uzi mweusi wa cherehani wa mke wangu, nikaubana kwa kidole pale Nairobi na kuuvuta hadi New York mpaka ukakaza. Kwa tufe la ukubwa huo kila sentimita moja ni kama kilomita 425 za dunia halisi. Uzi ulitoka sentimita 27 na milimita 8 hivi, nikazidisha, nikapata kilomita 11,800 na ushei. Ukipiga hesabu kwa latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, yaani Jomo Kenyatta na John F. Kennedy, unapata takribani kilomita 11,840. Kwa uzi wa cherehani si haba.

Kilichomshangaza shemeji ni njia uliyopita ule uzi. Yeye alitegemea uende magharibi moja kwa moja, juu ya Kongo, kisha utumbukie Atlantiki. Badala yake ulielekea kaskazini-magharibi: Sudan Kusini, pembezoni mwa Darfur, Chad, Niger, jangwa la kusini mwa Aljeria karibu na Tamanrasset, kisha Moroko. Nilipoukunja mara mbili kutafuta katikati, kikunjo kiliangukia karibu na Marrakech. Maana yake ni kwamba abiria wa Nairobi anayekwenda Marekani humaliza nusu ya safari yake akiwa bado juu ya Afrika. Nusu ya pili karibu yote ni bahari, ikipita jirani na visiwa vya Azores. Ukipiga mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani tuliyoizoea madarasani, utapita kaskazini mwa Kongo, Afrika ya Kati, Nigeria, Mali na Mauritania, na utaona ndiyo njia ya mkato. Siyo. Mstari ule wa rula ni mrefu zaidi kwa kama kilomita 350, kwa sababu ramani ya ukutani ni ganda la chungwa lililolazimishwa kulala bapa mezani.

Ndege halisi haifuati uzi kwa uaminifu wote. Hupindishwa na mawingu ya radi, na maelekezo ya waongozaji wa anga, na vita vilevile: anga ya Sudan ilipofungwa Aprili 2023 baada ya mapigano kuzuka Khartoum, mashirika mengi yalilazimika kupita kando. Lakini mizunguko ya namna hiyo huongeza dakika, na yaweza kuongeza dakika hizo kwenda na kurudi pia. Haielezi saa nzima na nusu.

Kinachoieleza ni upepo. Ndege kubwa za siku hizi hukata kilomita 900 hivi kwa saa, lakini huo ni mwendo wake ndani ya hewa, na hewa yenyewe haijatulia. Katika latitudo za kati, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 ambako ndege hizi hupita, kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ukichukua kipande cha bahari tu, tuseme kilomita 5,500, na upepo wa kilomita 100 kwa saa, anayekwenda Marekani anabaki na mwendo wa 800 juu ya maji na hutumia saa 6 na dakika 52. Anayerudi anapata 1,000 na hutumia saa 5 na nusu. Tofauti ni saa moja na dakika 22, na hapo rubani hajazunguka hata mti. Mkondo huo huwa mkali zaidi majira ya baridi ya kaskazini, na shemeji alisafiri Januari.

Wazee wetu wa pwani wasingeona ajabu. Nahodha wa jahazi la Oman hakuulizwa "Maskati ni siku ngapi?" akajibu kwa idadi tupu, alijibu kwa kutaja upepo, kwa sababu aliteremka na kaskazi na kupanda na kusi, na bahari ilikuwa ile ile. Sisi tumepewa namba moja kwenye simu, "saa kadhaa na dakika kadhaa", tukaiamini kana kwamba angani hakuna upepo.

Mchangiaji wa Mwanza

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa maelezo, lakini naomba nitofautiane kidogo. Nilivyofundishwa mimi, dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege ikienda magharibi, New York inaifuata, na ikirudi mashariki, Nairobi inaikimbia. Kwa mantiki hiyo kwenda kungekuwa kwepesi na kurudi kuwe kuzito, jambo ambalo ni kinyume cha alichosema shemeji yako. Je, mzunguko wa dunia hauhusiki kabisa?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Marahaba. Swali hili niliulizwa kila mwaka darasani, na kila mwaka nilifurahi kuulizwa, kwa sababu mwenye kuuliza amefikiri.

Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Mtu akipanda treni ya SGR pale Dar es Salaam na, ikiwa katika mwendo wake mkali kuelekea Morogoro, akarusha ndimu juu, ndimu itarudi kiganjani mwake. Haitampiga abiria wa kiti cha nyuma. Ndimu ilikuwa na mwendo wa treni kabla haijarushwa. Vivyo hivyo ndege iliyosimama Embakasi, uliko uwanja wa Nairobi, tayari inakwenda mashariki pamoja na Embakasi yenyewe kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na ikipaa haiachi mwendo huo uwanjani. Ingekuwa dunia inaweza kutupitia chini yetu, helikopta ingepaa Mwanza, ikasubiri angani, na kuteremka Kongo bila kusogea.

Hata hivyo hukukosea kabisa kuutaja mzunguko. Ule mkondo wa upepo umezaliwa na mambo mawili: tofauti ya joto kati ya ukanda wa tropiki na ncha ya kaskazini, na mzunguko wa dunia unaoipindisha hewa inayosafiri kati ya sehemu hizo mpaka ikawa inakimbilia mashariki. Kwa hiyo dunia inahusika, ila kwa mkono wa upepo. Usiku wa kuamkia Februari 9, 2020, wakati dhoruba iliyopewa jina la Ciara ikivuma Atlantiki, ndege ya British Airways ya aina ya Boeing 747 ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikipita juu ya maji kwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Injini zilikuwa zile zile za siku zote.

Mchangiaji wa Nairobi

Hamjambo nyote. Mimi nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika idara ya kupanga uzito na mizigo ya ndege hapa Nairobi, sitasema ni ya kampuni ipi. Mwalimu ameeleza upepo vizuri sana, lakini safari hii ina jambo la pili ambalo abiria halioni, nalo ni mwinuko wa uwanja.

Kenya Airways ilianza kwenda New York bila kutua njiani Oktoba 28, 2018, kwa ndege za Boeing 787-8 zenye viti 234. Kabla ya hapo ilibidi Kenya kwanza ipate daraja la kwanza la usalama wa anga kutoka mamlaka ya Marekani, jambo lililofanyika Februari 2017. Wakati wa uzinduzi ilitangazwa kwamba kila safari itahitaji marubani wanne, wahudumu 12 na tani 85 za mafuta. Watu walishangilia idadi ya marubani. Sisi wa mizani tulitazama zile tani 85. Ndege ya aina hiyo, ikipaa na uzito wake wa juu kabisa, ni kama tani 228. Zaidi ya theluthi moja ya uzito huo ni mafuta, na sehemu ya mafuta hayo imebebwa kwa kazi moja tu, ya kubeba mafuta mengine.

Sasa uwanja wetu uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na hewa nyepesi huinyima ndege mara mbili: injini hupata msukumo mdogo zaidi, na mabawa hupata mnyanyuo mdogo zaidi, kwa hiyo lazima ikimbie kwa kasi kubwa zaidi ndipo inyanyuke. Ndiyo maana njia yetu ya kurukia ina urefu wa zaidi ya mita 4,100. Jua likiwaka, hewa huzidi kuwa nyepesi, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya kuondoka usiku kuwa na faida, kwani baridi ya Nairobi saa tano usiku hutuongezea uzito tunaoruhusiwa kupaa nao. Bado haitoshi siku zote. Mafuta hayapunguzwi, kwa kuwa bahari haina kituo cha mafuta. Kinachopunguzwa ni mizigo, na baada ya mizigo ni abiria. Yule abiria aliyeona viti vitupu njia ya kwenda akadhani biashara ni mbaya, pengine viti hivyo viliachwa wazi kwa makusudi na mtu kama mimi, aliyekaa mbele ya kompyuta na jedwali la joto la saa hiyo.

Wakati wa kurudi mambo yanageuka. Uwanja wa New York uko kando ya maji, mita chache tu juu ya bahari, hewa ni nzito na upepo unasukuma kutoka nyuma. Ndege inajaa, na inafika mapema.

Mwenye shaka awatazame majirani zetu wa Addis Ababa. Kutoka Addis hadi Washington ni kama kilomita 11,560, yaani ni karibu kuliko sisi na New York. Lakini uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na kwa miaka mingi Ethiopian Airlines ikienda Washington imekuwa ikitua njiani, kwa muda mrefu Dublin, kuongeza mafuta, kisha ikirudi inaruka Washington hadi Addis bila kutua. Umbali ni mmoja, ndege ni moja, kwenda ni kutua mara mbili na kurudi ni mara moja.

Na kwa wanaodhani saa 15 ndiyo mwisho wa dunia, Singapore Airlines inakwenda Singapore hadi New York, kilomita 15,349, kwa saa 18 na zaidi. Ndege yake ni Airbus A350 iliyotengenezwa maalumu kwa safari ndefu, nayo ina viti 161 tu na daraja la kawaida la uchumi halimo kabisa. Mizani ni ile ile: ukitaka kwenda mbali, punguza watu.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Ninashukuru kwa elimu hii. Naomba kuuliza jambo la matumizi. Nimetafuta tiketi za New York nikaona ya kupitia Dubai ina bei nafuu, na nyingine ya kupitia Amsterdam. Kwa akili ya kawaida niliona Dubai ni karibu zaidi na sisi, kwa hiyo safari itakuwa fupi. Je, niko sahihi?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Dubai ni karibu na sisi, lakini haiko njiani, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nimerudi kwenye tufe na uzi wangu. Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,560, na Dubai hadi New York ni kama kilomita 11,000, jumla 14,560. Umeongeza kilomita zaidi ya 2,700 juu ya njia ya moja kwa moja. Ukiwa Dubai, baada ya saa tano angani, umebakiza safari ambayo ni fupi kuliko ile ya Nairobi kwa kama kilomita 840 tu, yaani saa nzima haitimii. Umetembea saa tano ili upunguze saa moja.

Amsterdam, ambayo kwa jicho la ramani inaonekana kuwa juu sana, ni kama kilomita 6,680 kutoka Nairobi na 5,860 kutoka Amsterdam hadi New York. Jumla ni 12,540, nyongeza ya kilomita 700 hivi. Ule uzi wetu unapita Moroko, na kutoka kwenye mstari huo kwenda Ulaya si kupotoka sana.

Hesabu hizi zinaanzia Nairobi. Wewe wa Dar ongeza kama kilomita 670 za kuifikia, au uanze moja kwa moja Dar ikiwa ndege inatokea huko. Tena kilomita zikishahesabiwa, kinachoamua ni muda wa kusubiri kiwanjani. Saa mbili za Dubai zinaweza kuishinda Amsterdam ya saa tisa. Sina neno na bei nafuu. Nami nimewahi kulala kwenye benchi la kiwanja kwa ajili ya bei nafuu, na begi likawa mto.

Mchangiaji wa Tanga

Mwalimu na wenzangu, mmezungumza juu ya saa za angani. Mimi naomba nizungumzie saa za kwenye tiketi, kwa sababu ndizo zilizotuumiza.

Shangazi yangu alikuwa anakwenda kwa binti yake New Jersey, kupitia Ghuba. Tiketi ilikatwa na wakala mmoja mjini, na ilionyesha kuondoka Dar es Salaam Jumanne saa 00:40. Wakala alituandikia pia kwa kalamu juu ya bahasha: "Usiku wa Jumanne, saa sita na dakika arobaini." Tulipanga kutoka Tanga Jumanne alfajiri kwa basi, tufike Dar mchana, tupumzike kwa ndugu Magomeni, kisha usiku tumsindikize uwanjani.

Jumatatu jioni, baada ya swala ya magharibi, shangazi alikuwa amekaa barazani, akauliza: "Usiku wa Jumanne si ndio huu umeshaingia?" Tukacheka. Tukamwambia, "Hapana shangazi, leo ni Jumatatu, usiku wa Jumanne ni kesho." Akanyamaza, maana sisi ndio tuliosoma.

Kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kwa hesabu ya wazee wetu siku mpya inaingia jua linapozama, kwa hiyo usiku unatangulia mchana wake, na usiku wa Jumanne ni ule unaopambazukia Jumanne. Ile 00:40 ya tiketi ilikuwa saa hizo hizo alizoziandika wakala, saa sita na dakika arobaini za usiku uliokuwa unaanza pale barazani. Jumanne usiku tulifika uwanjani na mabegi mawili, kasha la samaki wakavu lililofungwa kamba, na shangazi amevaa baibui jipya. Dada wa kaunta aliitazama tiketi, akaitazama tena, akasema ndege hiyo imeshaondoka tangu jana. Shangazi hakusema kitu. Alikaa juu ya begi lake, akaanza kufungua kamba ya kasha la samaki taratibu, fundo moja baada ya jingine.

Wakala alisema yeye aliandika sawa. Tulilipa faini ya kubadili tarehe. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayeruhusiwa kusema "usiku wa Jumanne". Tunasema "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne", hata kama ni harusi.

Mwanzisha uzi (Arusha)

Pole sana, na mfikishie shangazi salaam zangu za heshima. Ningekuwa bado nafundisha ningelitumia tukio hilo darasani.

Kwa wasomaji wengine, kuna hesabu mbili zinazochanganywa hapa. Ya kwanza ni ya kugeuza saa ya tiketi kuwa saa yetu, ambayo ni ya kutoa au kuongeza sita: 23:30 ni saa tano na nusu usiku, 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hatari iko kati ya 00:00 na 05:59, ambapo tiketi imeshahamia tarehe mpya ilhali sisi wa siku hizi bado tunasema ni usiku wa jana. Ukiona tiketi inaanza na sifuri mbili, safari yako ni ya usiku uliotangulia tarehe hiyo. Nenda uwanjani siku moja kabla.

Ya pili ni ya kutafuta muda halisi wa safari. Tuchukue tiketi ya mfano ya mwezi Januari: unaondoka Nairobi 23:30 na kufika New York 06:30 asubuhi inayofuata. Mtu akitoa tu, anapata saa saba, na nimemsikia mtu akijisifu kwa saa saba hizo. Lakini Januari saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa nane, kwa hiyo unajumlisha: saba na nane, 15. Kurudi, ukiondoka 12:30 mchana na kufika Nairobi 10:30 siku ya pili, kwa macho ni saa 22, nawe unatoa nane, unabaki na 14. Na hizo 15 au 14 zote si za angani. Tiketi huanza kuhesabu ndege inapoachia maegesho na huacha inapoegeshwa, pamoja na foleni ya kusubiri kupaa, ambayo New York inaweza kuwa ndefu kweli. Ndiyo sababu shemeji, aliyeanza kuhesabu magurudumu yalipoacha ardhi, alipata namba yake na tiketi ina yake.

Safari ya kwenda ina jambo jingine la pekee. Ukiondoka saa tano na nusu usiku na kuelekea magharibi, unalikimbia jua kwa saa zote 15, na ukifika Januari bado ni giza. Shemeji anasema aliamka mara nne, akafungua pazia la dirisha mara nne, na mara zote ilikuwa usiku. Mara ya tano alimuuliza mhudumu kama saa yake imesimama.

Mchangiaji wa Nairobi

Mwalimu, umesahau kipande kimoja. Wewe uko Arusha. Shemeji hakuanzia kwenye uwanja wetu.

Mwanzisha uzi (Arusha)

Ni kweli, na nimekiri. Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga ni kilomita kama 270 za lami. Shemeji alipanda shato ya saa mbili asubuhi, wakasimama mpakani kugonga pasi, wakaingia kwenye msongamano wa Athi River, na akashuka Nairobi saa nane mchana. Saa sita kwa kilomita 270, saa 15 kwa kilomita 11,840. Kisha akakaa uwanjani mpaka usiku. Nilipomjumlishia, tangu alipofunga mlango wake Njiro mpaka mwanawe alipomfungulia mlango kule, ilikuwa saa 33 na nusu, na ndege ilikuwa haijafikia hata nusu ya muda huo. Lakini lalamiko lake lote lilikuwa la ndege.

Sasa ameniambia mke wake, yaani dada yangu, naye atakwenda, mwezi Machi katikati. Nimemwonya kwamba Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, na sisi hatusogezi. Kuanzia Jumapili hiyo tofauti yetu na New York inakuwa saa saba badala ya nane. Ikiwa ndege itaondoka Nairobi saa ile ile ya usiku na kutumia saa zile zile 15, itatua saa moja na nusu asubuhi ya kule, si saa kumi na mbili na nusu. Nimemwandikia mpwa wangu ujumbe huo jana, kwa saa za Kiswahili na kwa saa za tiketi, na tarehe nimeiandika mara mbili.